Pesti ya joto

Pesti ya joto (pia: grisi ya joto, themo pesti) ni uji mzito unaopakwa katikati ya prosesa ya kompyuta na kipozajoto chake, yaani kile kipande cha metali chenye mapezi kinachokaa chini ya feni. Kazi yake ni kujaza nafasi ndogo zenye hewa baina ya nyuso hizo mbili ili joto la prosesa lipite kwa urahisi. Pesti ya kawaida si gundi. Haishikilii chochote, na kipozajoto hubanwa kwa skrubu au vibanio.

Pesti iliyokauka ni sababu mojawapo ya kompyuta kuwa nzito au kujizima yenyewe ikiwa kazini. Katika maeneo yenye joto na vumbi, kama Mpanda na sehemu nyingine za Mkoa wa Katavi nchini Tanzania, tatizo hilo huonekana zaidi katika miezi ya mwisho ya kiangazi. Kwa kuwa kompyuta yenye joto kali huendelea kuwaka huku ikifanya kazi taratibu, ni rahisi kudhani kwamba imeingiwa na virusi. Mwenye kompyuta hulipia programu kuwekwa upya, na wiki moja baadaye hali inarudi ileile.

Kwa nini inahitajika

Uso wa prosesa na uso wa kipozajoto huonekana laini kwa macho, lakini kwa darubini vyote viwili vina mabonde na vilima. Vikiwekwa pamoja vikavu, metali hugusana kwenye vilele tu, na sehemu inayobaki hujaa hewa. Hewa hupitisha joto vibaya sana. Uwezo wake ni takriban wati 0.026 kwa mita kwa kelvini, wakati shaba ina takriban 400 na alumini takriban 237. Shaba basi hupitisha joto zaidi ya mara 15,000 kuliko hewa. Pesti nyeupe ya bei nafuu ina uwezo wa wati 1 hivi, na pesti nzuri hutangazwa kuwa na 5 hadi 12. Ni kidogo ikilinganishwa na metali, lakini ni kikubwa mno ikilinganishwa na hewa. Ndiyo maana pesti inatakiwa kuziba mabonde tu. Ikiwa nene, inakuwa blanketi baina ya metali mbili ambazo zingeweza kugusana.

Hesabu fupi inaonyesha uzito wa jambo hili. Ukinzani wa tabaka la pesti dhidi ya joto hupatikana kwa kugawa unene wake kwa zao la eneo na uwezo wa kupitisha joto. Tuchukue prosesa ya kompyuta mpakato yenye eneo la sentimita mraba 1.5 inayotoa wati 35. Tabaka la milimita 0.05 la pesti yenye uwezo wa wati 5 huongeza joto la prosesa kwa nyuzi 2.3 hivi tu. Tabaka lilelile likiwa na unene wa milimita 0.2, nyongeza huwa nyuzi 9. Unene ukibaki milimita 0.2 na uwezo ukashuka hadi wati 1, kama ilivyo kwa pesti duni, nyongeza hufika nyuzi 47 za Selsiasi. Tabaka jembamba kuliko ukucha linatosha kuifanya mashine isifae kwa kazi.

Viambato

Pesti nyingi hutengenezwa kwa mafuta ya silikoni yaliyochanganywa na unga laini wa kitu kinachopitisha joto. (Silikoni ya mafuta haya ni tofauti na silikoni ya elementi ambayo prosesa yenyewe imetengenezwa kwayo, kwa Kiswahili zote mbili huitwa kwa jina moja.) Unga wa bei nafuu ni oksidi ya zinki, ambayo ndiyo huipa pesti rangi nyeupe. Kuna pia oksidi ya alumini, nitridi ya alumini, nitridi ya boroni, kaboni, fedha, na hata vumbi la almasi. Pesti ya Arctic MX-4 hutumia chembe za kaboni na haipitishi umeme. Arctic Silver 5 hutumia fedha, na mtengenezaji wake anaonya isiachwe ikagusa nyaya na miguu ya vipuri.

Namba zinazoandikwa kwenye pakiti hazifai sana kwa kulinganisha, kwa sababu kila kiwanda hupima kwa njia yake. Tofauti ya pesti nzuri na pesti ya wastani iliyopakwa vizuri mara nyingi ni nyuzi chache tu. Upakaji mbaya una madhara makubwa kuliko chaguo la chapa.

Kundi la pekee ni metali ya maji, mchanganyiko wa galiamu na metali nyingine ambao huwa majimaji katika joto la kawaida la chumba. Hupitisha joto kuliko pesti yoyote, lakini pia hupitisha umeme, na galiamu hula alumini hadi ikamomonyoka. Kipozajoto cha alumini kikipakwa dawa hiyo huharibika kabisa. Kwa kompyuta za ofisi na shule haihitajiki.

Joto na vumbi la Katavi

Katavi ni mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, na makao yake makuu ni Mpanda. Mji huo uko kwenye kimo cha takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, na kiangazi hufuata hadi Oktoba. Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, joto la mchana hupita nyuzi 30.

Kipozajoto hakiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la hewa inayokizunguka. Joto la prosesa ni joto la chumba pamoja na nyongeza inayotokana na kazi. Kompyuta inayofanya kazi katika chumba cha nyuzi 22 mjini Sumbawanga, kwenye kimo cha takriban mita 1,800, ikihamishiwa chumba cha nyuzi 33 mjini Mpanda, prosesa yake itapanda kwa nyuzi 11 hivi bila kitu kingine kubadilika. Mashine iliyokuwa na nafasi ya kutosha kabla ya kikomo chake inabaki na nafasi ndogo, na hapo ndipo pesti iliyochakaa inapojionyesha. Kimo nacho kina mchango wake: kwenye mita 1,100 hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban sehemu moja ya kumi, kwa hiyo feni ileile hubeba joto pungufu kidogo. Mtu wa Sumbawanga hupata hewa nyepesi zaidi lakini ya baridi, na baridi hiyo hufidia.

Vumbi ni shida kubwa kuliko kimo. Wakati wa kiangazi barabara za udongo, mashamba yaliyovunwa na upepo huleta vumbi laini linalopita madirishani na kuingia ndani ya kompyuta. Hujikusanya kwenye mapezi ya kipozajoto pamoja na nyuzi za nguo hadi likawa kama kipande cha blanketi. Fundi anayebadili pesti bila kusafisha mapezi amefanya nusu ya kazi, na pengine nusu ile ndogo.

Umeme nao una historia yake. Kwa miaka mingi Mpanda haikuwa kwenye gridi ya taifa, ikategemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, na kukatika kwa umeme kulikuwa jambo la kawaida. Kila kompyuta inapowaka na kuzimika, metali za prosesa na kipozajoto hupanuka na kusinyaa kwa viwango tofauti. Mwendo huo mdogo, ukirudiwa mara nyingi, husukuma pesti kutoka katikati kwenda pembeni. Hali hiyo huonekana zaidi kwenye kompyuta mpakato, ambamo kipande cha silikoni hugusana na kipozajoto moja kwa moja.

Wanaoumia zaidi ni wale wenye kompyuta moja au mbili zinazofanya kazi kutwa. Katika miji kama Mpanda, Inyonga na Majalila, duka la steshenari ndilo mahali ambapo mwanafunzi asiye na kompyuta hujaza fomu ya mkopo wa elimu ya juu, huangalia matokeo ya mtihani na huchapisha barua ya kazi. Kompyuta hiyo ikijizima fomu ikiwa katikati na tarehe ya mwisho ikiwa karibu, hasara si ya mwenye duka peke yake. Nyingi ya kompyuta za aina hiyo zilinunuliwa zikiwa zimeshatumika nje ya nchi, na pesti yake inaweza kuwa ileile ya kiwandani.

Dalili

Prosesa za kisasa hujilinda. Zikikaribia kikomo chake cha joto, ambacho kwa prosesa nyingi za Intel ni karibu nyuzi 100 na kwa Ryzen nyingi za AMD ni nyuzi 95, hujipunguzia kasi. Joto likizidi kupanda, kompyuta huzimika ghafla. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Prosesa za Athlon za AMD za miaka ya 2000 na 2001 ziliweza kuungua ndani ya sekunde chache kipozajoto kikiondolewa zikiwa kazini, wakati Pentium 4 ya Intel ya kipindi hichohicho ilipunguza kasi ikaendelea kuishi.

Ishara za kawaida ni feni kuvuma kwa nguvu muda wote, kompyuta kuwa nyepesi asubuhi na nzito mchana, na kujizima baada ya dakika kadhaa za kazi nzito. Uthibitisho hupatikana kwa kusoma vipimo vya joto. Programu kama HWiNFO na Core Temp huonyesha joto la prosesa kwenye Windows, na kwenye Linux ipo amri ya sensors. Pasipo intaneti, kompyuta nyingi za mezani huonyesha joto hilo kwenye ukurasa wa bayosi. Prosesa inayopanda hadi nyuzi 90 na zaidi mara tu kazi inapoanza, huku kipozajoto kikiwa cha vuguvugu mkononi, inaonyesha kwamba joto halivuki. Kipozajoto kikiwa cha moto sana, joto linavuka ila hewa haipiti. Hapo shida iko kwenye vumbi au feni, na pesti haina lawama.

Kuondoa pesti ya zamani

Kompyuta huzimwa, waya wa umeme huchomolewa, na kwenye kompyuta mpakato betri hutenganishwa na ubao mama. Kabla ya hapo inafaa mashine iwashwe kwa dakika 10 hivi, kwa kuwa pesti yenye joto huwa laini. Hatua hii ni ya lazima hasa kwa kompyuta za AMD za soketi ya AM4 na zilizoitangulia, ambamo miguu iko kwenye prosesa na soketi haina kifuniko cha kuishikilia. Pesti ikiwa imekauka, kipozajoto kikivutwa juu kwa nguvu hung'oa prosesa pamoja nacho na miguu hupinda. Kipozajoto huzungushwa kidogo kushoto na kulia hadi kiachie, kisha ndipo kiinuliwe.

Pesti ya zamani hufutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, au karatasi ya kuchujia kahawa, iliyoloweshwa kidogo kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Alkoholi hiyo si rahisi kupatikana kila mahali. Spiriti ya duka la dawa inaweza kufuta, lakini ina maji mengi zaidi na aina nyingine huongezwa mafuta yanayobaki kwenye uso. Ikitumika, uso ufutwe tena kwa kitambaa kikavu na uachwe ukauke kabisa. Petroli na maji ya sabuni havifai. Bisibisi au kisu kisitumike kukwangua, hasa kwenye kipande cha silikoni kilicho wazi, maana ukingo wake humeguka kirahisi na prosesa iliyomeguka haitengenezeki.

Wakati huohuo mapezi husafishwa kwa brashi laini au kwa hewa ya kupuliza. Feni ishikwe isizunguke wakati wa kupuliza, kwani ikizungushwa kasi kupita kiasi mhimili wake huharibika.

Kupaka

Kwa prosesa ya kawaida ya kompyuta ya mezani, yenye kifuniko cha metali, kiasi kinachotosha ni tone lenye ukubwa wa baina ya punje ya mchele na punje ya njegere, likiwekwa katikati. Kipozajoto kikibanwa, mgandamizo wenyewe hulitandaza. Kifuniko hicho kimetengenezwa kwa shaba iliyopakwa nikeli. Ndani yake kuna tabaka jingine, la lehemu au la pesti, ambalo fundi hapaswi kuligusa; Intel ilitumia lehemu kwenye prosesa zake za mezani za mwaka 2011, ikahamia pesti mwaka 2012 na kurudi kwenye lehemu kwa baadhi ya prosesa za mwaka 2018.

Mabishano ya mafundi kuhusu umbo, yaani tone, mstari, msalaba au kutandaza kwa kadi ya plastiki, ni makubwa kuliko tofauti za matokeo yake. Tone linatosha kwenye prosesa za mraba. Msalaba husaidia kwenye prosesa kubwa au ndefu, kama za soketi ya LGA 1700 zenye milimita 45 kwa 37.5. Kutandaza kuna sababu ya msingi kwenye kompyuta mpakato: kipande cha silikoni kikiwa wazi, kona isiyofikiwa na pesti hupata joto kali peke yake, hivyo ni bora tabaka jembamba lifunike uso wote.

Pesti ikizidi, hubanwa ikatoka pembeni. Ikiwa ni ya aina isiyopitisha umeme, madhara ni uchafu tu, isipokuwa ikiingia kwenye soketi, ambako kuitoa baina ya mamia ya miguu ni kazi ngumu. Pesti pungufu huacha sehemu kavu. Kati ya makosa hayo mawili, la pili ndilo baya zaidi.

Kipozajoto huteremshwa wima, bila kuinuliwa tena ili kuangalia, kwa kuwa kukiinua huingiza viputo vya hewa. Kikiinuliwa, kufuta na kupaka upya ndiyo njia salama. Skrubu hukazwa kwa mshazari, kila moja kidogo kidogo, ili mgandamizo uwe sawa pande zote. Kwenye kompyuta mpakato mara nyingi namba za mfuatano zimechorwa kando ya skrubu. Waya wa feni urudishwe mahali pake kabla ya kuwasha. Kusahaulika kwake si jambo adimu.

Baada ya hapo mashine hupewa kazi nzito kwa dakika 10 hadi 15 huku joto likisomwa. Namba inayofaa kuandikwa ni tofauti baina ya joto la prosesa na joto la chumba, pamoja na tarehe. Kipimo cha Juni mjini Mpanda na cha Oktoba haviwezi kulinganishwa vikisimama peke yake, lakini tofauti hiyo inalinganishika.

Pedi za joto

Chipu za kumbukumbu na vipuri vya kudhibiti umeme hupozwa mara nyingi kwa pedi laini zenye unene wa milimita 0.5 hadi 1.5 au zaidi. Hizi zisibadilishwe kwa pesti. Pesti haiwezi kujaza nafasi ya unene huo, na chipu hubaki bila kugusana na kipozajoto. Pedi iliyochanika hubadilishwa kwa nyingine ya unene uleule. Ikiwa nene zaidi, huinua kipozajoto kizima na kukitenga na prosesa.

Mbadala na uhifadhi

Dawa ya meno hutajwa mara kwa mara kama mbadala. Katika majaribio hupunguza joto kwa saa au siku chache, kwa sababu ina maji na unga laini, lakini maji hayo hukauka na kuacha ganda lililojaa mianya, na viambato vyake vinaweza kula metali. Mafuta ya kujipaka huyeyuka na kutiririka kwenye ubao mama. Grisi ya magari hupitisha joto kwa kiasi kidogo na haina unga unaohitajika. Hakuna hata kimoja kinachofaa kwa mashine itakayoendelea kutumika.

Sirinji moja ya gramu 4 hutosha prosesa nyingi, kwa hiyo shule au fundi anaweza kuagiza moja na kuitumia kwa muda mrefu. Ihifadhiwe ikiwa imefunikwa, mbali na jua. Pesti iliyokaa kwenye joto hujitenga, mafuta yakaja mbele na unga ukabaki nyuma. Matone ya kwanza yakitoka kama mafuta matupu, hutupwa hadi uji wenyewe uanze kutoka. Muda wa pesti kudumu kwenye prosesa hutegemea aina yake na mazingira, na hakuna sababu ya kuibadili ikiwa vipimo vya joto havijapanda. Kusafisha vumbi, kwa upande mwingine, kunafaa kila mwaka, na kwa Katavi wakati mzuri ni kabla ya Septemba.

Matumizi mengine

Pesti hii ilijulikana kwa mafundi wa redio kabla ya kompyuta kuenea. Transista za nguvu za amplifaya, kama 2N3055, hufungwa kwenye kipozajoto zikiwa na karatasi ya ulanga katikati ya kuzuia umeme, na pesti nyeupe hupakwa pande zote mbili za karatasi hiyo. Hutumika vilevile kwenye inveta za umeme wa jua, taa za LED za nguvu kubwa na vidhibiti chaji, ambavyo navyo hupata moto zaidi vikifungwa chini ya paa la bati.